Mwalimu Inakuja na Kitufe cha Kijivu

Kuna majina ya utani ambayo mtu unaweza kuishi nayo. Ukiitwa Mapengo, unajifunza kucheka mdomo umefungwa. Ukiitwa Kibonge, unapunguza ugali, mambo yanaisha. Lakini Cleophace, mwalimu wa kwaya wa kigango kimoja pale Nyakato, aliitwa Mwalimu Inakuja, na hilo halikuwa na dawa, maana kila akifungua mdomo kujitetea analitamka mwenyewe.

Lilianza Jumamosi moja ya Februari kwenye mazoezi. Jonathan wa sauti ya tatu, kijana ambaye akikosa mtu wa kumtania anajitania mwenyewe, aliuliza, "Mwalimu, nota za wimbo mpya ziko wapi?"

Cleophace akainua simu yake mpya juu kama padre anavyoinua kitabu. "Huduma ya kuandika nota inakuja. Simu itaandika yenyewe."

Wiki iliyofuata, "Mwalimu, imefika?" "Inakuja." Wiki ya tatu, "Vipi ile?" "Inakuja, jamani." Wiki ya nne hakuna aliyeuliza tena. Alipoingia tu mlangoni, kwaya nzima ikaimba neno hilo kwa sauti nne, na lilipangika vizuri kweli, huo ndio ukweli.

Bado lingeweza kufa. Lakini Jumapili moja ya Kwaresima padre alisimama kwenye matangazo, akasema taratibu kabisa, "Wanakwaya wote wabaki kidogo baada ya misa, Mwalimu Inakuja ana neno nao." Katekista akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo, mabega yanatetemeka. Padre akajirekebisha haraka, "Mwalimu Cleophace, samahani," ila imeshakuwa. Jina likishapita kwenye maikrofoni ya kanisa, ndugu yangu, hilo tayari limebatizwa.

Sasa msimcheke kabla hamjamjua.

Cleophace ana miaka arobaini na saba. Kwao ni Kagera, na mnajua wenyewe Mhaya akiwa na simu mpya, hata asiyeuliza ataonyeshwa. Siku za kazi yuko kiwandani hapo hapo Nyakato, kwenye mashine inayokunja mabati ya kuezekea. Mashine hiyo inapiga kelele ambazo ukitoka nje mchana unaona dunia imevaa soksi. Ameisimamia miaka kumi na nane. Viziba masikio walipewa, tena vya rangi ya machungwa, vizuri tu. Yeye alikuwa anaviweka mfukoni, kwa sababu akivivaa hasikii nyimbo anazojiimbia wakati wa kazi. Kosa lake hilo ni la mtu wa kwaya. Fundi wa kawaida asingelifanya.

Na kwenye kwaya, sifa yake ilikuwa moja: kuandika nota kwa sikio.

Mtunzi wa kigango ni Mzee Machibya, Msukuma wa Pasiansi, fundi mitambo mstaafu wa meli za mizigo. Mzee hajui nota hata moja. Wimbo unamjia mzima mzima na sauti zake zote nne, halafu anazitoa kwa mdomo, moja moja. Sauti ya kwanza anaitoa nyembamba mpaka kuku wa jirani wanainua shingo. Ya nne anaitoa kutoka tumboni kama bado yuko chumba cha injini. Kazi ya Cleophace ilikuwa kukaa kwenye stuli na kaunta buku, penseli nyuma ya sikio, akisikiliza na kuandika do, re, mi, akifuta, akisema, "Mzee, rudia hapo kwenye pili." Nyimbo thelathini na moja zimeandikwa hivyo. Kaunta buku lenyewe limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Mpaka ikafika Krismasi ya mwaka juzi. Sauti ya pili waliimba sehemu moja vibaya wiki nzima ya mazoezi, na mwalimu hakusema kitu. Mwishoni Jonathan ndiye aliyepiga kelele, "Jamani alto, hapo mnaenda wapi, Musoma?" Watu wakacheka. Cleophace naye akacheka. Lakini alirudi nyumbani akijua kwamba hakusikia. Sauti ya kwanza alikuwa anaipata, iko juu. Ya nne anaipata, inatikisa benchi. Za katikati zilikuwa zimegeuka uji. Na juu ya huo uji kulikuwa na mlio mwembamba usiokatika, kama wale wadudu wa ziwani wanapotanda hewani kama moshi, ila hawa walikuwa wametanda ndani ya kichwa chake na hawakuwa na mpango wa kuondoka.

Hakumwambia mtu. Mwalimu wa kwaya asiyesikia sauti ya pili, hiyo habari unaianzia wapi? Tena sauti ya pili yenyewe anaiimba mke wake, Prudencia.

Basi ndipo likaja tangazo.

Mmeliona na nyie, msijifanye. Dada anakaanga vitumbua huku anajiimbia, simu iko juu ya kabati, na kwenye kioo nota zinajipanga zenyewe kama siafu. Mwisho inatokea sentensi: *Imba tu. Akili ya simu itaandika.* Cleophace aliitazama video hiyo kantini ya kiwandani mara tisa, chai ikapoa. Wenzake waliona simu nzuri tu. Yeye aliona sikio.

Dukani mjini alimkuta Odeta, dada muuzaji mwenye ulimi mtamu mpaka unasahau ulikuja na nauli ya kurudia.

"Kaka yangu, hii sio simu ya kupokelea watu. Hii ni ya kufikiri pamoja."

"Ile ya nota ipo?"

"Ipo kwenye mipangilio. Ona." Akabonyeza, akabonyeza, ikatokea orodha ndefu. Katikati kulikuwa na kitufe cha kijivu, Andika Nota, na chini yake maneno: *inakuja hivi karibuni.*

"Mbona kijivu?"

"Bado haijawashwa. Mwisho wa mwezi, kaka, ikizidi sana mwezi wa pili."

Akaamini. Na wewe ungeamini.

Sasa hapo ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anashika paji la uso. Mzee Machibya alikuwa ametunga wimbo wa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, msimamizi wa kigango, sikukuu yake tarehe moja Mei. Mwaka huu kigango chao ndicho kilikuwa mwenyeji wa sikukuu hiyo kwa parokia nzima, na wimbo wa mwenyeji unaimbwa kwa pamoja na kwaya zote sita za parokia. Kwa Mzee Machibya hiyo ilikuwa mara ya kwanza wimbo wake kutoka nje ya Nyakato. Ana miaka sabini na nane, na nyimbo zake zote zimeishia kwenye mabenchi yale yale. Sharti lilikuwa moja: nota zifike kwa mwenyekiti wa kwaya za parokia Jumapili inayofuata Pasaka, zitolewe kopi, kila kwaya ijifunze. Zisipofika, utaimbwa wimbo wa kigango kingine.

Cleophace alienda Pasiansi bila kaunta buku. Aliweka simu kwenye stuli, akamwambia Mzee aimbe sauti zote nne, akarekodi. Dakika kumi na mbili, kazi imekwisha.

Mzee akashangaa. "Huandiki?"

"Siku hizi inaandika simu, mzee."

"Iko wapi kalamu yake?"

"Inakuja."

Hapo ndipo mzee akawa mtu wa kwanza kabisa kuambiwa neno hilo, kabla hata ya Jonathan.

Februari ikapita. Machi ikaja na sasisho la kwanza, likala bando zima la wiki. Cleophace alikaa nalo mlangoni kama mtu anayesubiri mkate utoke kwenye oveni. Simu ikazima, ikawaka, ikamkaribisha upya. Kitufe kikawa bado kijivu. Ila sasa simu ilikuwa inaweza kumfuta mtu kwenye picha.

"Safi sana, mwalimu!" Jonathan akasema. "Mfute katibu kwenye picha ya Krismasi, alikuwa amesinzia."

Sasisho la pili likaleta milio mipya ya kengele na ujumbe: *Asante kwa uvumilivu wako.* Alichukia ule ujumbe kuliko kitu kingine chochote. Hakumbuki kuombwa avumilie. Aliombwa alipe, akalipa siku hiyo hiyo.

Akarudi kwa Odeta.

"Dada, kitufe bado."

"Kile cha nota? Kinakuja, kaka."

"Ulisema mwezi wa pili."

"Nilisema mimi au lilisema tangazo?"

"Wewe ulisema tangazo limesema."

Odeta akacheka, lakini kicheko kilikuwa kimechoka, kesi ya Cleophace haikuwa ya kwanza siku hiyo. Akalifungua lile tangazo, akalisimamisha mwishoni, akalivuta likawa kubwa. Pale chini kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa: *Baadhi ya huduma zitapatikana baadaye, kulingana na nchi na lugha.*

"Yalikuwepo siku zote haya?"

"Siku zote, kaka. Hata mimi niliyaona juzi. Kuna mama alinunua hiyo hiyo kwa sababu ya kutafsiri maongezi ya simu. Na yeye anakuja kila Jumatatu. Nikimuona tu nainama kama nafunga kiatu, na mimi navaa ndala."

Cleophace alitaka kufoka. Maneno aliyapanga vizuri njia nzima. Lakini mtu akifoka sana anaulizwa, kwani ulikuwa unaihitajia nini hasa? Na jibu la swali hilo hakuwa tayari kulitoa mbele ya duka la simu. Akasema asante, akaondoka. Hiyo ndiyo sehemu iliyomuuma. Kudanganywa ni jambo moja. Kudanganywa kwenye kitu ambacho huwezi hata kukilalamikia, hapo unakimeza kizima.

Wiki Takatifu Mzee Machibya akashikwa na kifua. Homa ikapona, lakini sauti ikaondoka nayo. Alibaki na mnong'ono tu, kama mlango unaosukumwa na upepo. Maana yake wimbo wa Mtakatifu Yosefu ulikuwa umebaki sehemu moja tu duniani, ndani ya simu, kwenye rekodi ambayo mwenye simu hawezi kuisikia vizuri na simu yenyewe bado haijajifunza kusikia. Aliisikiliza kwa spika, akaisikiliza kwa visikilizi, akaisikiliza chooni ambako kuna mwangwi. Sauti ya kwanza akaiandika. Ya nne akaiandika. Kwenye ya pili na ya tatu penseli ikasimama.

Jumatatu ya Pasaka, mchana, Prudencia alikuwa jikoni anakaanga samaki, mafuta yanachachatika. Cleophace amekaa karibu na mlango, amempa mgongo, anatazama kitufe cha kijivu kwa mara ya elfu. Prudencia alikuwa anajiimbia sauti ya pili ya wimbo wa Ekaristi. Akamtazama mumewe kisogoni. Kulikuwa na jambo alikuwa analitilia shaka muda mrefu. Akabadilisha maneno, tuni ile ile:

*"Cleophace, chai yako imemwagika..."*

Mume akatikisa kichwa, anafuata mdundo wa besi uliokuwa kichwani kwake.

*"Cleophace, nyumba inaungua, tokeni watu wote..."*

Bado anatikisa.

Prudencia akazima jiko, akazunguka, akasimama mbele yake.

"Nimeimbaje?"

"Vizuri sana, mama."

"Nimeimba nini?"

"Si ule wa Ekaristi."

"Nimeimba nyumba inaungua, na wewe umenipigia mdundo."

Cleophace akaangalia simu. Simu haikuwa na la kumsaidia.

"Tangu lini?" Prudencia akauliza.

"Krismasi ya mwaka juzi. Labda na kabla. Ya kwanza naipata. Besi naipata. Ya pili ndiyo..."

"Ya pili ni mimi."

"Ndiyo."

Prudencia akavuta kigoda, akakaa. Mikono ina unga wa kukaangia samaki, ameiacha hewani. "Kumbe. Mimi nilidhani kwenye mazoezi unaniangalia sana kwa sababu unanipenda. Kumbe ulikuwa unasoma midomo."

"Vyote viwili."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Lakini mdomo ulishaanza kumsaliti. "Na hiyo simu sasa?"

"Ingesikia badala yangu. Nisingelazimika kumwambia mtu."

"Hata mimi?"

Prudencia akaitazama simu kama anatazama mwanamke mwingine wa mumewe.

"Na inakuja lini?"

Cleophace akafungua mdomo, akaona neno lenyewe limekaa tayari kwenye ulimi. Wakaangaliana. Akaanza kucheka yeye, cheko la tumboni, la kwanza tangu Januari, mpaka machozi, na hayakuwa ya kucheka yote.

Jumamosi wakaenda Pasiansi wote wawili, kaunta buku kwapani. Siku iliyobaki ilikuwa moja.

Ile ofisi ya siku hiyo mngeiona mngelipa kiingilio. Mzee Machibya kwenye kiti cha kamba, ananong'ona, na fimbo mkononi. Cleophace kwenye stuli, mnong'ono wenyewe hausikii. Katikati yao Prudencia. Simu inacheza rekodi kipande kidogo, Prudencia anaisikiliza, anaimba kile kipande kwenye sikio la kushoto la mumewe, karibu kabisa, pumzi inamgusa, na Cleophace anaandika. Akikosea, Mzee anagonga fimbo chini.

"Anasemaje?" Cleophace anauliza.

"Anasema hapo ni fa, sio mi."

"Nimeandika fa."

Fimbo, ko!

"Anasema umeandika fa lakini umeisikia kama mi, amekujua usoni."

Mzee akainama, akanong'ona kwa juhudi, na Prudencia akacheka kwanza ndipo akatafsiri: "Anauliza masikio yameliwa na nini."

"Mashine, mzee."

Mzee akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye sikio lake la kulia, akakizungusha, kama mtu anayefunga bomba. Chumba cha injini, miaka thelathini. Cleophace alimtazama. Miaka yote hiyo akimwambia "mzee, rudia," na mzee naye alikuwa anainamisha kichwa upande mmoja, kumbe alikuwa anatega sikio zima, sio madoido ya watunzi.

"Kwa hiyo ulikuwa unatungaje?"

Mnong'ono. Prudencia akasema, "Anasema anayetunga hahitaji kusikia. Anayeandika ndiye anahitaji. Na kwamba ulipoacha kuleta kitabu alijua kuna jambo, ila alisubiri useme."

Wakamaliza saa kumi jioni. Nota zikafika kwa mwenyekiti Jumapili baada ya misa ya kwanza, kwa penseli, ukurasa mmoja una doa la mafuta ya samaki.

Jioni ile ile, mbele ya kwaya, Cleophace akasema mwenyewe. Alisema kwa kifupi, kwamba sauti za katikati hazipati tena, na kuanzia sasa Prudencia na Jonathan watakaa naye kujifunza kuandika. Jonathan, ambaye kila mtu alikuwa anamsubiri aharibu, akakuna kichwa. "Mwalimu, kwa hiyo siku zote nikiimba ovyo ulikuwa husikii?"

"Wewe nilikuwa nakuona."

"Afadhali," Jonathan akasema, "maana nilidhani unanionea huruma." Akachukua penseli, akaenda kukaa kwenye benchi la mbele, ambako hajawahi kukaa maishani mwake.

Mei Mosi kwaya sita ziliimba wimbo wa Mzee Machibya. Mzee aliwekwa mbele kwenye kiti, amevaa koti la meli, sikio zima ameligeuzia kwaya. Cleophace akainua mikono. Alisikia sauti ya kwanza, alisikia besi inakuja kutoka sakafuni kupitia viatu. Palipokuwa na uji alitazama mdomo wa mke wake, na mkono ukajua pa kwenda. Mzee hakulia wala nini. Wimbo ulipoisha aligonga fimbo mara moja, na Prudencia hakuhitaji kuitafsiri.

Wiki iliyofuata Prudencia akampeleka hospitali. Wakampima, wakamwambia kuna kifaa cha kusaidia kusikia, kimeagizwa.

"Kitafika lini?" akauliza.

Nesi, binti mpole asiyejua lolote, akasema, "Kinakuja, baba."

Prudencia ilibidi atoke nje.

Na kitufe? Kiliwaka Juni, katikati ya wiki, bila shangwe. Cleophace alikiona kimegeuka bluu wakati anatafuta tochi. Akaiweka simu juu ya kabati kama kwenye tangazo, akamwomba Prudencia, aliyekuwa anakaanga samaki, aimbe sauti ya kwanza halafu ya pili. Ikafikiri, ikaandika. Sauti ya kwanza ikatoka safi kabisa, huwezi kuikosoa. Kwenye besi iliandika mafuta ya kukaangia, do do do do, ukurasa mzima. Na chini, kwa kijivu: *Sauti ya pili na ya tatu zinakuja hivi karibuni.*

Hakukasirika. Alikuwa akijiuliza, kama ingewaka Februari kama walivyosema, ikaandika zote nne vizuri, leo angekuwa anaishi vipi? Angekuwa na nota safi, jina safi, na mke anayemwimbia kisogoni kwamba nyumba inaungua. Hilo swali hajapata jibu lake. Bado anaona walimdanganya, na kama kungekuwa na mahali pa kudai angedai. Ila kaunta buku limerudi mezani, na sasa lina miandiko mitatu. Wa Jonathan unafanana na kuku aliyekanyaga wino.

Mwalimu Inakuja bado anaitwa hivyo. Siku hizi anaitika.

Haya, wadau, zamu yenu. Nani mwingine ana kitufe cha kijivu kwenye simu? Kile kitu ulichonunulia simu nzima, na mpaka leo kinakuja? Tuandikie hapo chini. Usituambie simu gani, tuambie ulikuwa unakitakia nini hasa. Ile sababu yenyewe, ambayo dukani hukuisema. Hatutacheka. Jonathan atacheka, lakini huyo tumeshamzoea.